Mchawi wa Uchaguzi Wetu si Kompyuta

Kila uchaguzi unapokaribia katika nchi zetu hizi wanaibuka wataalamu wa aina mbili. Wa kwanza kavaa tai, ana kompyuta ya mapajani, anatuambia kuwa teknolojia itamaliza wizi wa kura. Wa pili naye kavaa tai, ana kipaza sauti cha serikali, anatuambia kuwa teknolojia hiyo hiyo itachoma nchi. Mimi nasema wote wawili wanatupiga changa la macho. Na sisi vijana wa mjini, tuliosoma na kushinda na simu mkononi, ndio tunaopigwa vizuri zaidi, maana tunapenda sana kuamini kwamba kila ugonjwa una programu yake.

Vuta kiti ndugu yangu. Leo ni ndefu kidogo.

Tuanze na historia ya hapa hapa kwetu Mwanza. Mwaka 2010 Kiswahili kilipata neno jipya: kuchakachua. Asili yake ni vituo vya mafuta, pale mtu anapochanganya petroli na mafuta ya taa halafu anakuuzia kwa bei ya petroli. Wananchi wakalichukua neno hilo wakalipeleka kwenye kura bila kuomba ruhusa kwa Baraza la Kiswahili. Mwaka huo vijana wa Mwanza walikesha nje wakisubiri matokeo, na kilichowaunganisha kilikuwa simu ndogo za tochi na SMS. Kituo fulani fulani kapata kadhaa, kituo fulani kadhaa, jumlisha. Matokeo yalipotangazwa, upinzani ulikuwa umechukua Nyamagana, Ilemela na Ukerewe. Pale Nyamagana aliyeangushwa alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Lawrence Masha, na aliyemwangusha alikuwa kijana ambaye wengi walikuwa wanajifunza jina lake, Ezekia Wenje.

Angalia kitu kimoja hapo. Hakukuwa na mashine ya alama za vidole. Hakukuwa na seva. Kulikuwa na karatasi kituoni, watu walioiona karatasi hiyo, na njia ya kumwambia jirani walichokiona. Vitu vitatu tu. Nitavirudia mpaka mnichoke: karatasi, macho na njia ya kusema.

Sasa ikaja 2015 na mashine zake. Tume ikaleta BVR zipatazo 8,000 za kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole na picha. Uandikishaji ulianzia mkoa wa Njombe mwezi Februari, ukaenda kwa kusuasua hadi kura ya maoni ya Katiba iliyopangwa 30 Aprili 2015 ikaahirishwa. Mnaikumbuka ile kura ya maoni? Mpaka leo haijapigwa. Mwisho wa yote tukapata daftari lenye watu zaidi ya milioni 23. Sikatai, daftari lile lilikuwa safi kuliko lililotangulia. Mtu hawezi kujiandikisha Igoma akajiandikisha tena Nyegezi kwa jina la shangazi yake, mashine itamkamata.

Lakini hebu tujiulize. Siku ya kupiga kura, 25 Oktoba 2015, ile mashine ilikuwa wapi? Haikuwepo kituoni. Karani alishika orodha iliyochapwa, akatafuta jina, akaangalia picha, akakupa karatasi ya kura, ukachovya kidole kwenye wino. Yaani tulinunua kufuli la kisasa tukalifunga kwenye geti la nje, mlango wa chumbani tukauacha na kamba ya katani. Alama za vidole zilituambia nani anaruhusiwa kupiga kura. Hazikutuambia nani amepiga, wala ndani ya sanduku mna nini. Hiyo si teknolojia ya uchaguzi, ni teknolojia ya kuandikisha. Vitu viwili tofauti kabisa.

Na hata hiyo ya kuandikisha hatukuitumia kila mahali. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 27 Novemba 2024 ulisimamiwa na TAMISEMI, ukatumia orodha yake yenyewe ya wakazi iliyoandikwa kwa kalamu, huku daftari la alama za vidole likiwa kabatini. CCM ikazoa zaidi ya asilimia 98 ya nafasi. Nchi moja, wananchi wale wale, madaftari mawili. Anayejua sababu anieleze taratibu.

Mtasema labda tatizo letu ni ushamba, tungenunua mashine nyingi zaidi. Basi tutembelee majirani.

Kenya wana mashine kituoni za kumtambua mpiga kura na kutuma matokeo. Mwaka 2013 zile mashine nyingi zilizima, wakarudi kwenye karatasi. Mwaka 2017 zilifanya kazi, lakini siku chache kabla ya uchaguzi wa 8 Agosti, Chris Msando, aliyekuwa meneja wa teknolojia wa tume yao, akakutwa ameuawa. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa rais. Mahakama ilikuwa imeamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutekeleza ipasavyo, na majaji wakasema kama hutaki kuonyesha, basi tuna haki ya kuamini wanayosema wanaokulalamikia. Hapo mashine zilikuwepo, na za bei mbaya. Kilichowaokoa Wakenya hakikuwa mashine. Ni majaji.

Kongo je? Tarehe 30 Desemba 2018 walipiga kura kwa mashine kutoka Korea Kusini, za kugusa kioo kama simu yako. Siku iliyofuata serikali ikazima intaneti, na ilizimwa kwa karibu wiki tatu. Kanisa Katoliki lilikuwa na waangalizi wapatao 40,000, likasema takwimu zake hazifanani na za tume. Baadaye takwimu zilizovuja kutoka kwenye mfumo zikachapishwa na gazeti la Financial Times, zikionyesha mshindi ni Martin Fayulu. Aliyeapishwa ni Félix Tshisekedi. Mashine ilihesabu, sawa. Waliotangaza ni binadamu.

Halafu wapo Wamalawi, ndugu zetu wa ziwa lingine. Uchaguzi wao wa Mei 2019 ulichakachuliwa kwa Tipp-Ex. Ndiyo, ile rangi nyeupe ya kufutia makosa, iliyopakwa juu ya fomu za matokeo. Tarehe 3 Februari 2020 mahakama yao ikaufuta uchaguzi wa rais, wakarudia, na aliyekuwa madarakani akashindwa. Ushahidi ulikuwa karatasi zenyewe. Wizi wa kizamani, na haki ikatendeka kizamani.

Kwa hiyo unaweza kuwa na mashine na haki, mashine bila haki, karatasi na haki, karatasi bila haki. Kompyuta si mchawi wala si mganga. Swali ni lile lile la 2010: karatasi ipo? Kuna macho yaliyoiona? Wenye macho hayo wanaruhusiwa kusema?

Hapo kwenye kusema ndipo yalipo matatizo ya kwetu, na naomba tuyataje kwa tarehe ili mtu asije akasema tunazusha.

Mwaka 2015: Sheria ya Makosa ya Mtandao inaanza kutumika 1 Septemba, wiki nane hivi kabla ya kupiga kura. Kifungu cha 16 kinasema ukichapisha habari za uongo, faini ni kuanzia shilingi milioni 5 au kifungo kuanzia miaka mitatu, au vyote. Nani anaamua kuwa idadi ya kura uliyoitaja ni ya uongo? Huulizi. Tarehe 29 Oktoba, siku ile ile matokeo ya rais yanakamilika, polisi wanavamia ofisi ya waangalizi wa asasi za kiraia waliokuwa wanakusanya taarifa za vituo, wanachukua watu, kompyuta na simu.

Mwaka 2018: kanuni za maudhui ya mtandaoni. Kijana mwenye blogu anatakiwa ada ya maombi shilingi 100,000, leseni milioni 1, na milioni 1 nyingine ya kila mwaka. Kwa blogu! Wengi wakafunga vibanda vyao wakaenda kuuza vocha.

Mwaka 2020: TCRA inaagiza makampuni ya simu yasitishe huduma ya SMS za jumla kuanzia 24 Oktoba hadi 11 Novemba. Tarehe 27 Oktoba, usiku wa kuamkia uchaguzi, WhatsApp, Twitter na YouTube zinabanwa. Tukajifunza wote VPN, mpaka bibi zetu. Mwaka 2023 wakaja na agizo la kusajili VPN.

Mwaka 2025: mwezi Mei X inafungwa. Septemba JamiiForums inasimamishiwa leseni siku 90. Na tarehe 29 Oktoba, siku yenyewe ya kura, intaneti inazimwa nchi nzima. Ilirejea 3 Novemba, siku ambayo Rais aliapishwa Dodoma.

Yaliyotokea katika siku hizo mnayajua, hasa mliokuwa Mwanza. Watu waliandamana, watu waliuawa, hapa na Dar es Salaam na Arusha na Mbeya na kwingine. Idadi inabishaniwa: Umoja wa Mataifa ulizungumzia mamia, serikali ikakataa takwimu za namna hiyo na kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Mimi sitatoa namba yangu. Nataka tu mtambue kwa nini tunabishana hata juu ya maiti. Kwa sababu kwa siku zile kusema kulizimwa. Na mtandao uliporudi, ujumbe wa kwanza ulioingia kwenye simu za wengi ulikuwa wa polisi, wakionya kwamba kusambaza picha za kuleta taharuki ni kosa la jinai. Yaani mtu anakufungulia mlango huku ameshika fimbo.

Baada ya hapo nilizunguka Mwaloni Kirumba kuuliza biashara imekuwaje. Mama mmoja wa dagaa aliniambia wateja wake wa Kongo wanaagiza kwa WhatsApp, na kwa siku zote zile hakujua nani anataka gunia ngapi, wala wao hawakujua kama yu hai. Lililomuuma zaidi halikuwa dagaa. Alikuwa na mtoto anasoma mkoa mwingine na ndugu visiwani Ukerewe, na habari alizokuwa anazipata ni za mtu kamwambia mtu. Eti walizima ili kuzuia uvumi! Wakati huo mji mzima ulikuwa unaishi kwa uvumi mtupu, kwa sababu hakuna aliyeweza kumpelekea mwenzake picha ya kuthibitisha au kukanusha. Juni mwaka huo huo tulishangilia daraja la kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, ili mtu wa Sengerema asitengane na mtu wa Mwanza. Oktoba tukawatenganisha kwa kubonyeza kitufe.

Najua mtanijibu: lakini uongo wa mitandaoni upo. Upo! Tena upo sana. Kenya mwaka 2007 na 2008 SMS za chuki zilisaidia kuwasha moto. Mwaka 2018 vigogo wa Cambridge Analytica walinaswa na kamera ya siri wakijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za Kenya za 2013 na 2017. Leo kuna akili mnemba inayoweza kumfanya mgombea aseme asichokisema, kwa sauti yake mwenyewe. Sijifanyi sijui.

Lakini dawa ya matokeo ya uongo ni nini? Ni matokeo ya kweli, yaliyo wazi, mapema, kila mtu ayaone. Kenya hiyo hiyo mwaka 2022 tume iliweka mtandaoni picha za fomu za vituo 46,229. Magazeti yakajumlisha, vyama vikajumlisha, wanafunzi wa vyuo wakajumlisha vyumbani mwao. Kila mtu akawa mhasibu. Aliyetaka kuzusha namba alibanwa ndani ya dakika tano. Waliobishana walikwenda mahakamani wakabishana juu ya karatasi zilizokuwa hadharani, na tarehe 5 Septemba mahakama ikaamua. Walikuwepo wasioridhika, ndiyo, lakini walikuwa wanajua wanabishia nini.

Sisi tunabishia nini? Chukueni kalamu. Mwaka 2020 kura zilizopigwa kwa urais zilikuwa takriban milioni 15, nusu hivi ya waliojiandikisha. Mwaka 2025 tume ilitangaza kuwa mshindi peke yake amepata kura zaidi ya milioni 31.9, asilimia 97.66, na waliojitokeza ni karibu asilimia 87. Kati ya chaguzi hizo mbili daftari liliongezeka kwa watu milioni 8 hivi. Kura zimeongezeka kwa zaidi ya milioni 17. Na huo ni uchaguzi ambao chama kikuu cha upinzani, CHADEMA, hakikuwemo, mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini, na mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alikuwa ameenguliwa. Waangalizi wa SADC walisema haukufikia viwango. Wale wa Umoja wa Afrika walisema vivyo hivyo, wakataja na kura kujazwa kwenye masanduku.

Sasa mimi siwezi kusimama hapa nikaapa kwamba namba ile ni ya uongo. Lakini hata anayeiamini hawezi kuapa kwamba ni ya kweli, na hilo ndilo tatizo. Kama ni ya kweli, kuzima mtandao kumemwibia hata mshindi ushahidi wake. Mtu aliyeshinda kwa asilimia 97 anahitaji giza la nini? Mvuvi aliyevua sangara wa kilo 60 huwa anampakia kwenye gunia akampitisha uchochoroni usiku? Si humbeba begani mchana kweupe, wote wamwone?

Kuna jambo jingine linaloudhi zaidi. Hata kama kesho mtu akija na ushahidi wote wa dunia, hana pa kuupeleka. Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inasema mgombea wa urais akishatangazwa na tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama itakayochunguza. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, ilisema 15 Julai 2020 kuwa kifungu hicho kinavunja haki. Tukafanya nini? Tulikuwa tumeshatoa taarifa tangu Novemba 2019 ya kuwaondolea wananchi njia ya kwenda wenyewe kwenye mahakama hiyo. Wakenya walipata Maraga, Wamalawi wakapata majaji wao watano. Sisi ibara imeshafunga mlango kabla jaji hajaamka.

Ndiyo maana nawacheka, kwa uchungu, wanaosema suluhisho ni kupiga kura kwa simu, au sijui mfumo gani mpya kutoka Ulaya. Ukiweka seva ya dhahabu chini ya tume ambayo mwenyekiti wake anateuliwa na Rais, katika nchi ambayo matokeo ya Rais hayahojiwi, umenunua kabati zuri la kufungia siri.

Ninachokitaka mimi ni kidogo, na ni cha bei rahisi kiasi cha kuaibisha. Matokeo ya urais ya kila kituo huandikwa kwenye fomu moja, wanasaini mawakala. Vituo vyetu mwaka 2025 vilikuwa karibu laki moja. Picha ya fomu moja inayosomeka vizuri ni kama kilobaiti 300. Zidisha kwa laki moja: gigabaiti 30. Uchaguzi mzima wa Rais wa Jamhuri ya Muungano unaenea kwenye memori kadi ya gigabaiti 32 inayouzwa pale Makoroboi kwenye meza ya mmachinga, pembeni ya chaja na kava za simu. Hatuhitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Tunahitaji sheria yenye mistari mitatu. Moja: kila fomu ya kituo ipigwe picha na kuwekwa kwenye tovuti ya tume kabla ya mshindi kutangazwa, na kila raia aruhusiwe kuipiga picha ikiwa imebandikwa mlangoni. Mbili: ni marufuku kwa yeyote, awe waziri au TCRA, kuzima au kubana mawasiliano kuanzia kampeni hadi kuapishwa. Tatu: ibara ya 41(7) ifutwe.

Wakikataa hiyo ya kwanza, ambayo haina gharama wala madhara kwa mshindi halali, basi tujue kabisa kwamba hatukuwa tunazungumzia usalama wa taifa. Tulikuwa tunazungumzia usalama wa fomu.

Na wewe msomaji wangu mwenye digrii, unayeniambia siasa haikuhusu na kwamba wewe ni mtu wa teknolojia: mnamo 2015 walituambia ukishapiga kura nenda nyumbani, na mahakama ikaunga mkono kwamba usikae jirani na kituo. Sawa, tulikwenda nyumbani. Tukabaki na simu. Mwaka 2025 wakatufuata mpaka nyumbani wakaizima na simu. Sijui ulikuwa unapanga kurudi nyuma hadi wapi, maana hapa Mwanza nyuma yetu kuna ziwa.

Naomba kuwasilisha.